Mwambao wa Ziwa Victoria una kilomita ngapi? Kwa rula ipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nyegezi, Mwanza. Wanafunzi wangu wamekuta sehemu moja imeandikwa kuwa mwambao wa Ziwa Victoria una kilomita 3,440, na kwingine wamekuta 7,142. Tukaamua kupima wenyewe kwa uzi kwenye ramani ya ukutani ya Afrika Mashariki, hatukufika hata 3,000. Nani kakosea? Na tukitaka kupima vizuri, tufanyeje?

Jibu: Mwalimu, hakuna aliyekosea, ila wote wametoa jibu nusu. Kutaja urefu wa mwambao bila kutaja rula iliyoupima ni sawa na kutaja bei ya sato pale Kirumba mwaloni bila kusema ni ya kilo au ya samaki mmoja.

Tuanze na uzi wenu. Kama ramani ile ni ya skeli ya 1:2,000,000, milimita moja ya karatasi ni kilomita 2 za nchi. Uzi wenye unene wa milimita moja na nusu, basi, unafunika kilomita 3. Pale Kigongo na Busisi, daraja linalovuka Ghuba ya Mwanza lina urefu wa kilomita 3 hivi. Maana yake uzi wenu unaweza kulala juu ya ghuba nzima mahali hapo na kuifuta. Vighuba vidogo kama cha Nyegezi hata havihitaji kufutwa na uzi, kwa sababu mchoraji alishavifuta kabla yenu. Kwenye skeli hiyo kalamu haina mahali pa kuvichora. Mlichopima ni ziwa lililopigwa pasi mara mbili.

Jambo hili si la Victoria peke yake. Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyefahamika zaidi kwa hesabu za utabiri wa hali ya hewa, alikuta Hispania na Ureno zinataja urefu tofauti wa mpaka uleule mmoja: kilomita 987 kwa upande mmoja na 1,214 kwa upande mwingine. Uholanzi na Ubelgiji nao walikuwa na 380 dhidi ya 449. Alipopima ramani kwa bikari iliyofunguliwa upana mbalimbali, aliona urefu unapanda kila upana unapopungua, tena unapanda kwa mpangilio. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1961, naye alikuwa amefariki mwaka 1953. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot akayafafanua katika jarida la *Science*, na mwaka 1975 maumbo ya namna hii akayapa jina la fraktali.

Mpangilio wenyewe ni huu. Ukichora grafu ya logi ya urefu dhidi ya logi ya rula, nukta zinakaribia kukaa kwenye mstari ulionyooka. Mteremko wa mstari huo ni 1 − D, ambapo D ni dimensheni ya mwambao, yaani kipimo cha jinsi ulivyojikunja. Mstari laini kabisa una D = 1. Kwa pwani ya Afrika Kusini, iliyonyooka sana, Richardson alipata mteremko unaolingana na D ya 1.02, kwa pwani ya magharibi ya Uingereza, yenye mikunjo mingi, 1.25. Kwa maneno ya kawaida, ukikata rula nusu, pwani ya kwanza inaongezeka asilimia 1.4 tu, na ya pili inaongezeka asilimia 19. Na inaendelea hivyo kila ukikata.

Sasa rudini kwenye namba zenu mbili. 7,142 kugawa kwa 3,440 ni 2.076. Tukichukua kwa mfano kwamba mwambao wetu una D ya 1.25, rula iliyotoa namba kubwa ingetakiwa kuwa fupi mara 18.6 kuliko iliyotoa namba ndogo, kwa sababu 2.076 kwa kipeo cha 4 ni 18.6. Hapo ni kama mmoja amepima kwa hatua za kilomita 2 na mwingine kwa hatua za mita mia moja na kitu. Hakuna ajabu: ile 7,142 ilitokana na kufuatisha mwambao kwa undani wa skeli ya 1:25,000, na visiwa vimo ndani yake. Kwa hiyo si tofauti yote iliyoletwa na rula. Nyingine imeletwa na uamuzi wa nini kihesabiwe.

Kama mnataka namba moja ya kuonyesha jinsi ziwa lilivyojikunja, linganisheni na duara. Eneo la ziwa ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Duara la eneo hilo lina mzingo wa kilomita 930. Basi mwambao wa 3,440 ni mara 3.7 ya duara, na wa 7,142 ni mara 7.7. Wanasayansi wa maziwa hutumia sana uwiano huu, maana mwambao wenye mikunjo ndio wenye maji mafupi yaliyotulia, mahali sato anapozalia na konokono wa kichocho wanapokaa. Lakini mnaona wenyewe kwamba uwiano unarithi ugonjwa uleule. Anayelinganisha maziwa mawili yaliyopimwa kwa rula mbili tofauti analinganisha rula.

Kupima darasani

Msianze na ziwa. Anzeni na mchoro ambao jibu lake linajulikana, ili mjue mikono ya wanafunzi iko sawa. Lazeni karatasi ya A4 kwa upana, chora mstari wa sentimita 27. Ugawe mara tatu, futa theluthi ya katikati, na mahali pake simamisha pande mbili za pembetatu sawa. Mtakuwa na vipande vinne vya sentimita 9. Rudieni kwa kila kipande, mpate 16 vya sentimita 3. Rudieni tena, 64 vya sentimita 1. Kisha mpeni mwanafunzi ambaye hakuchora, apime kwa bikari iliyofunguliwa sentimita 9, halafu 3, halafu 1. Anatakiwa ahesabu hatua 4, 16 na 64, yaani urefu wa sentimita 36, 48 na 64. D ya umbo hili ni logi ya 4 kugawa kwa logi ya 3, sawa na 1.26. Akikosa hapa, atakosa zaidi ziwani.

Baada ya hapo chukueni ramani za 1:50,000 za upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, tuseme kutoka Kapripointi hadi Kigongo. Mtahitaji zaidi ya karatasi moja. Ziunganishe kwa gundi kabla ya kupima, si baada. Fungueni bikari ya ncha mbili sentimita 4 (kilomita 2), kisha 2, kisha 1, kisha milimita 5 (mita 250). Chini ya milimita 2 hivi msiende: mstari wenye unene wa robo milimita tayari ni mita 12.5 za nchi, na mchoraji amekwisha kulainisha kona ndogo, kwa hiyo mtakuwa mnapima mkono wake. Juu nako kuna mpaka: rula isizidi sehemu ya tano ya umbali wa moja kwa moja kati ya mwanzo na mwisho, la sivyo hatua zinakuwa chache mno na hesabu inayumba.

Kosa linalotokea kila mara ni hili. Ukizungusha ncha ya bikari, huwa inakata mwambao sehemu zaidi ya moja, hasa kwenye mdomo wa hori. Mwanafunzi huchagua mahali panapoonekana pako mbele zaidi, maana anataka kumaliza. Kanuni ni kuchagua mahali pa kwanza ambapo mtu anayetembea ufukweni angefika. Wakubaliane hivyo kabla, na kila kundi lifuate vivyo hivyo. Hatua ya mwisho isiyotimia ihesabiwe kwa sehemu yake, kwa mfano 0.4, isitupwe. Na kwa kila rula anzeni sehemu tatu au nne tofauti, mchukue wastani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme, kwa mfano tu, rula ya kilomita 2 imetoa hatua 41 na ya kilomita 1 hatua 95. Urefu ni 82 na 95. Gawanya: 1.1585. Logi yake ni 0.0639, gawa kwa logi ya 2, ambayo ni 0.3010, upate 0.21. D ni 1.21. Msiridhike na rula mbili, chora nukta zote. Zikipinda sana upande wa rula fupi, mmefika kwenye ulainishaji wa mchoraji, na nukta hizo muziache nje.

Kwenye kompyuta kuna mtego mwingine

Najua wanafunzi watasema picha ya setilaiti itamaliza ubishi. Landsat ina pikseli za mita 30, Sentinel-2 mita 10, zote za bure. Tatizo ni kwamba programu ikigeuza maji kuwa umbo, mara nyingi inafuata kingo za pikseli, na mwambao unakuwa ngazi. Mstari ulionyooka unaokwenda kwa nyuzi 45 ukipimwa kwa ngazi unaongezeka asilimia 41. Ukichukua wastani wa pembe zote, ongezeko ni 4/π, karibu asilimia 27. Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika: kupunguza ukubwa wa pikseli hakusaidii hata kidogo. Ngazi ya vidato vidogo ina urefu uleule wa ngazi ya vidato vikubwa. Hii si fraktali, ni kosa la kudumu.

Dawa ni kutopima kingo, bali kuhesabu viraba. Weka gridi ya viraba vya mita 1,600 juu ya picha, hesabu vinavyoguswa na mwambao. Kisha 800, 400, 200, 100. Mteremko wa logi ya idadi dhidi ya logi ya upana, ukiondoa alama ya kutoa, ni D. Karatasi ya nailoni iliyochorwa viraba inafanya kazi hiyohiyo juu ya ramani ya kawaida. Katika QGIS, programu ya ramani, hakikisheni mradi uko kwenye UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita badala ya digrii) kanda ya 36 Kusini, ambayo inatosha ziwa lote. Mkipima kwenye digrii mtapata takataka. Na tazameni picha kabla ya kuiamini: magugu maji yakifunga ghuba, na mafunjo kwenye mlango wa mto kama Simiyu, setilaiti inayaona kama nchi kavu.

Simu nayo inadanganya, kwa namna yake. Mtu akitembea ufukweni huku simu inarekodi kila sekunde, mtikisiko wa mita 3 hadi 5 wa kila nukta unajumlishwa kama safari. Wekeni irekodi kila baada ya mita 30.

Basi rula ipi?

Rula inachaguliwa na kazi. Chukueni sheria ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mtu akiulizwa ukanda huo una ukubwa gani, anachukua urefu anazidisha kwa 60. Kwa mwambao wote wa ziwa, kama mfano wa hesabu, 3,440 ingetoa kilomita za mraba 206 na 7,142 ingetoa 429. Mtu mwenye rula ya mita 1 angepata zaidi ya hapo, ingawa ukanda wenyewe haujaongezeka hata mita moja. Mikunjo midogo kuliko mita 60 haiongezi ukanda, inajirudia ndani yake; rasi nyembamba chini ya mita 120 inamezwa yote kutoka pande mbili. Sheria yenyewe imekuchagulia rula.

Hata pale mwambao ulipo laini, kuzidisha kwa 60 hakutoshi, na hapa ndipo topolojia, hesabu ya maumbo inayojali vipande na matundu badala ya vipimo, inapoingia kwenye jiometri bila kubisha hodi. Chora kisiwa cha duara chenye nusu kipenyo cha mita 100. Mzingo ni mita 628.3. Zidisha kwa 60: mita za mraba 37,699. Lakini kisiwa chote kina mita za mraba 31,416! Ukanda umekuwa mkubwa kuliko kisiwa. Hesabu sahihi ni duara kubwa kutoa duara la ndani la mita 40, yaani 26,389. Tofauti ni 11,310, ambayo ni π mara 60 mara 60, na haijali kisiwa ni kikubwa kiasi gani wala kimekaa vipi, alimradi hakijajikunja kwa ukali kuliko mita 60.

Kwa ziwa zima fomula ni hii: eneo la ukanda = U × r + π(1 − n)r². U ni urefu wote pamoja na visiwa, r ni upana wa ukanda, n ni idadi ya visiwa. Ile 1 − n ni namba ya Euler ya maji: kipande kimoja cha maji, kutoa matundu yake. Kila kisiwa mnachokisahau kwenye n kinawakosesha hekta 1.13.

Namba ya Euler inahesabika bila kutazama umbo zima. Paka rangi viraba vya maji, hesabu pembe, toa kingo, ongeza viraba. Jaribuni pete ya viraba 8 vinavyozunguka kiraba kimoja kitupu: pembe 16, kingo 24, viraba 8. 16 − 24 + 8 = 0, yaani kipande kimoja kutoa tundu moja. Kompyuta inafanya hivyo kwa kutazama viraba vinne vinne tu, na watafiti wa mifupa wanatumia hesabu hiyohiyo kujua vijiti vya ndani ya mfupa vimeungana kiasi gani. Angalizo moja: viraba viwili vya maji vinavyogusana kwa pembe tu, kwa hesabu hii vimeungana. Basi nchi kavu inayogusana kwa pembe ihesabiwe haijaungana. Mkiruhusu vyote viwili, mtapata mfereji na njia ya miguu vinavyopitana bila daraja.

Kuhusu daraja: lile la Kigongo halibadilishi umbo la ziwa juu ya ramani ya kawaida. Kwa pikseli za mita 1, kila nguzo iliyosimama majini ni tundu, na namba ya Euler inashuka kwa kila nguzo. Idadi ya visiwa, kwa hiyo, nayo ina rula yake. Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama majini hapo Mwanza, ni kisiwa au si kisiwa? Hapa jibu langu ni kuacha kuuliza hivyo, na badala yake kukipa kila kisiwa umri kwa kipimo cha maji. Teremsha maji kwenye modeli yako ya kompyuta ya ziwa na nchi inayolizunguka: kisiwa kinazaliwa ncha yake inapochomoza, kinakufa kinapoungana na bara au na kisiwa kilichochomoza kabla yake. Mwamba unaozama maji yakipanda sentimita 20 na kuungana na ufukwe yakishuka 30 una umri wa sentimita 50. Ukerewe ina vilima ambavyo maji hayavifikii, kwa hiyo kwake linabaki swali moja: mlango wa Rugezi, pale kivuko cha Kisorya kinapopita, una kina gani pale sakafu ya mkondo wake inapopanda juu kabisa? Njia hii wanatopolojia huiita homolojia ya kudumu. Inawapa orodha ya visiwa iliyopangwa kwa uimara, na wewe unaamua ukate wapi.

Umri huo si nadharia kwa ziwa hili. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na Mei 2020 yakarudi kwenye kimo hichohicho. Kwenye ufukwe unaoinuka mita 1 kwa kila mita 100, kupanda kwa mita 2 kunasogeza mwambao mita 200, karibu sawa na hatua nzima ya bikari yenu ndogo. Kwenye miamba ya Kapripointi hakusogezi chochote cha kuonekana. Kwa hiyo kabla hamjaunganisha ramani zenu, someni pembeni picha za anga zilizotumika ni za mwaka gani. Kama karatasi moja ni ya kabla ya 1961 na ya jirani yake ni ya baadaye, mwambao hautakutana kwenye kiungo, na wanafunzi watadhani wamegundisha vibaya.